Manjano Nyuma ya Bafu la Mama

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipouharibu uso wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nasema mikono yangu kwa sababu kwa muda mrefu nilipenda kumlaumu mwenye saluni. Yeye alikuwa na kosa lake, lakini hakuna aliyenishika kichwa akanipaka.

Nilikuwa nikisuka nywele mtaa wa Nyalenda, mjini Kisumu, katika chumba cha mabati chenye vioo viwili na viti vitatu. Mwenye saluni aliuza mafuta ya kung'arisha ngozi, ya kuchanganya mwenyewe, kwenye vikopo visivyo na jina wala maelezo. Siku moja mteja aliingia, akatutazama wasusi wawili tuliokuwa hapo, mimi niliye mweusi tititi kama watu wote wa kwetu, na mwenzangu aliyekuwa maji ya kunde. Akasema, "Anisuke yule mrembo." Hakutaja rangi, na hakukuwa na haja ya kutaja. Jioni ile nilienda nyumbani na kikopo kimoja mkobani.

Wiki za mwanzo nilisifiwa. Hata wanaume wa karakana ya pikipiki waliokuwa hawanioni walianza kuniona. Nikaongeza, asubuhi na jioni. Kufikia mwezi wa nne mashavu yalikuwa yakiwaka moto nikitoka juani, kisha yakachubuka, na pale palipochubuka pakaota mabaka meusi kuliko weusi wowote niliozaliwa nao, kama mtu aliyepigwa ngumi mbili za usawa. Shingo ilikuwa nyekundu. Mwenye saluni alinitazama kupitia kioo, hakugeuka, akaniambia nipumzike nyumbani kidogo maana wateja wanashtuka. Sikuitwa tena.

Hospitalini nilimkuta daktari wa ngozi, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alikinusa kile kikopo, akakitupa mwenyewe kwenye pipa la taka.

"Acha hii leo. Usiongeze kitu kingine chochote. Jikinge na jua."

"Nitapona lini, Daktari?"

"Ngozi ina subira kukushinda wewe. Utaisubiri."

Aliniandikia mafuta ya kutuliza na dawa ya kupaka, nikarudi chumbani kwangu. Siku hizo nilitoka kwa lazima tu, na lazima yenyewe ilikuwa maji. Ploti yetu ilikuwa na bomba moja la watu wote, na foleni ya mitungi haikujali uso wa mtu. Nilijifunga leso kichwani nikaivuta hadi chini ya macho.

Milango miwili kutoka kwangu aliishi mjane wa Kiislamu wa umri wa mama yangu. Babu yake alifika Kisumu na biashara za reli kutoka pwani, akaoa huku, na yeye mwenyewe alizaliwa na kuzeekea hapa hapa. Dholuo chake, lugha yetu sisi Wajaluo, kilikuwa safi kama changu, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya. Alipika kwenye sherehe na kupamba maharusi. Vidole vyake vilikuwa vya manjano hadi kwenye kucha, mwaka mzima, na sisi vijana wa ploti tulidhani ni ugonjwa.

Asubuhi moja kwenye foleni alinigeukia. "Toa hiyo leso."

"Nasikia baridi, Mama."

"Baridi? Kisumu hii?"

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka mtungi wake chini, akanishika kiwiko, akanipeleka kwake kama mtu anayemrudisha mbuzi zizini. Ndani alinivua leso mwenyewe. Alinitazama kwa muda mrefu, akasonya, na nikajua hakuwa akinisonya mimi.

Juu ya meza palikuwa na sinia la mizizi iliyofanana na tangawizi, vidole vifupi vilivyoshikana, vyenye ngozi ya kahawia na pete pete. Alivunja kimoja. Ndani kilikuwa na rangi kali kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nilikuwa nimeyajua manjano ya unga tu, ya kwenye pakiti. Sikuwahi kufikiria kwamba yana mwili.

"Haya ndiyo unayowapaka maharusi?" nikamuuliza.

"Haya, pamoja na mengine."

"Ukinipaka nitakuwa mweupe tena?"

Alinikodolea macho. "Tena? Wewe ulikuwa mweupe lini?"

Nilianza kulia. Aliniacha nilie mpaka nikanyamaza, akanipa kisu. Nilidhani ataanza kunipaka. Kumbe alitaka nimenye vitunguu.

"Kidonda hakipambwi," alisema. "Daktari wako amesema usiongeze kitu, basi hatuongezi. Ila mikono yako haina kidonda."

Ndivyo nilivyoingia jikoni kwake, na nilikaa humo miezi sita kabla hajanigusa uso. Alinifundisha kwamba manjano yakitiwa kwenye sufuria bila kukaangwa yanabaki na ladha ya udongo, na yakikaangwa kupita kiasi yanakuwa machungu. Katikati ya udongo na uchungu kuna nafasi ndogo. Yeye aliipima kwa kusema bismillahi mara saba. Mimi wa kanisani nilisema Baba Yetu, na nilipofika kwenye mkate wa kila siku niliinua sufuria. Alipogundua hivyo alifurahi sana. Akawa ananiuliza kutoka mlangoni, "Umefika kwenye mkate?"

Nilijifunza kupaka samaki manjano, chumvi na ndimu na kuwaacha kidogo kabla ya kuwakaanga, ili harufu itulie na ngozi ishike rangi. Nilijifunza kufunika viazi kwa rojo la unga na manjano, viazi karai, ambavyo tulipika kila alasiri na watoto wakitoka shule wakavimaliza. Nilijifunza kutia kidogo tu kwenye wali, kwa sababu manjano ni kama mgeni mwenye sauti kubwa, mmoja anatosha. Na nilijifunza yale ambayo hayaandikwi popote: kwamba beseni la plastiki likishapata doa halitoki, lakini kitambaa ukikianika juani siku mbili jua linakula doa lenyewe.

Niliporudi hospitalini baada ya miezi sita daktari aliridhika. Ngozi ilikuwa imefunga. Jirani yangu alikuwa amenituma swali, nami nililiuliza kama nilivyotumwa: je, naweza kupakwa manjano? Daktari alifikiri. Alisema nianze na mkono, nisubiri siku nzima, na nikiona hata chembe ya mwasho niache.

Tulifanya hivyo. Mkono haukulalamika. Kesho yake jirani alichanganya kijiko kidogo cha manjano, unga wa dengu na maziwa lala, akayakoroga mpaka yakawa mazito, akanipaka kwa vidole vile vile nilivyodhani vina ugonjwa. Yalikuwa baridi. Alininawisha kabla hayajakauka kabisa, kwa maji ya vuguvugu, bila kusugua.

Uso ulibaki wa manjano siku mbili. Nilienda bombani bila leso kwa mara ya kwanza tangu yaanze yale. Watu walicheka, mmoja akaniita ndizi mbivu, na mimi nikacheka nao. Walikuwa wakicheka kitu ambacho kingetoka kwa maji.

Nataka niseme ukweli hapa kwa sababu nimesikia watu wakilisimulia jambo hili vingine, wengine kwa nia ya kuuza. Manjano hayakuniponya. Niliponywa na kuacha, na dawa ya daktari, na muda. Mabaka yalififia polepole zaidi ya mwaka mzima, na hadi leo ukinitazama kwa karibu utaona kivuli chini ya jicho la kushoto. Manjano yalinipa kitu kingine. Kila Ijumaa kulikuwa na mtu aliyeushika uso wangu kwa upole bila kutaka uwe uso wa mtu mwingine, na baadaye nikawa naushika hivyo mwenyewe.

Nilianza kumsaidia kupamba maharusi. Msugo wake, mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi ngozi, ulikuwa na manjano, liwa, karafuu, maganda ya machungwa yaliyokaushwa na kusagwa, na marashi ya waridi. Mikono yangu ya ususi ilikuwa na nguvu, akasema nina mkono mzuri. Siku moja, mvua za masika zikikaribia, alinipa kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na vipande vya manjano vilivyokwisha kuchipuka, vyenye vijipembe vya kijani.

"Haya tunayonunua yanavuka mpaka wa Busia kutoka Uganda," alisema. "Mama yako ana shamba. Mpelekee."

Nilijua alichokuwa akifanya. Nilikuwa sijaenda kwa mama yangu kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kwetu ni Nyakach, mbele kidogo ya Katito. Mama anauza mtama na viazi vitamu sokoni Katito, na kwa simu nilikuwa nimempa kila udhuru unaojulikana. Alinikuta nimesimama chini ya mgomba nyuma ya nyumba na kifurushi changu, maana niliogopa kupita mlango wa mbele. Alikuja karibu. Alipitisha kidole gumba juu ya baka la kulia, halafu la kushoto, kama mtu anayepima ukubwa wa shimo.

"Nyathina," alisema. Mwanangu. "Nilikuzaa ukiwa mzima."

Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine. Alinipikia. Nilipomaliza kula alikifungua kifurushi.

"Hii ni nini?"

"Manjano, Mama."

"Inaliwa na ugali?"

"Inaliwa na kila kitu."

"Kitu kinacholiwa na kila kitu hakina adabu," alisema. Hata hivyo alichukua jembe.

Tuliyapanda nyuma ya bafu, kibanda cha mabati ambamo watu wa nyumbani huoga, mahali maji yanapotiririkia kwenye migomba. Huko udongo haukauki kabisa, na kivuli kipo. Kila aliyepita alitupa ushauri. Mjomba wangu alisema ardhi ya Nyakach inajua mtama na mmomonyoko tu. Wiki tatu hakukuonekana kitu. Mama alinipigia simu: "Manjano yako yamekufa." Wiki ya tano akapiga tena: "Yamefufuka." Kuanzia hapo nikaona kwamba hayakuwa tena yangu, alisema "manjano yangu" bila kujitambua.

Majani yalikuwa mapana na marefu, kama ya mgomba mtoto. Mbuzi walinusa wakaenda zao, jambo lililompendeza mama kupita yote, kwa kuwa mbuzi wale hawakuwahi kumwachia hata boga. Yalipotoa maua meupe yaliyojificha ndani ya majani, maneno yakaanza. Mmea usiojulikana, umepandwa nyuma ya bafu, na mbuzi wanaukimbia? Ukaitwa yath, dawa, kwa maana ile mbaya. Wakasema binti aliyerudi na uso ulioungua amemletea mama yake uganga wa mjini.

Wanawake watatu wa kanisa lake walimjia. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kupalilia. Waliketi, wakaombea chai, wakaizungukia habari kwa nusu saa kabla ya mkubwa wao kuifikia.

"Mama, tunasikia umepanda yath. Ni yath ya nini?"

Mama aliinuka. Alienda nyuma ya bafu, akachimbua kidole kimoja kilichokuwa bado kichanga, akakifuta kwenye sketi yake, akarudi akasimama mbele yao. Alikiuma. Alikitafuna polepole kikiwa kibichi, na mimi nilijua kinavyokwaruza koo. Hakukunja uso hata kidogo. Kisha akatabasamu, na meno yake yote yalikuwa ya manjano.

"Yath ya samaki," alisema. "Nani anataka?"

Mmoja wao alitaka. Wawili wengine walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Nimejivunia mama yangu mara nyingi maishani, lakini nikitaka kukumbuka kujivunia mtu kulivyo, namkumbuka amesimama pale na yale meno.

Januari majani yalikauka na kulala chini, nasi tukachimba. Kila shina lilikuwa na mama mnene katikati na vidole vimemzunguka pande zote. Vipande vilivyoingia katika kifurushi kimoja cha gazeti vilitoka vikijaza magunia mawili. Jirani yangu wa Nyalenda alikuwa amenieleza kazi iliyobaki: kuosha, kuchemsha mpaka viive, kuanika juani wiki mbili au zaidi mpaka kidole kikivunjwa kilie kama kijiti. Mama alichemsha mwenyewe kwenye sufuria kubwa la matanga, akinifukuza kila nilipokaribia. Tulianika juu ya mabati ya nyumba, na watu wa barabarani wakauliza tumepaka paa rangi ya chama gani.

Tatizo lilikuwa kinu. Mwenye kinu cha posho alipoona tulichobeba alisimama mlangoni akanyoosha mikono yote miwili.

"Hapana, Mama. Hiyo itaniharibia unga wa watu."

"Umesaga mahindi yangu tangu huyu hajazaliwa," mama alimwambia, akinionyesha.

"Mahindi ni meupe!"

Walibishana mpaka akakubali kwa sharti kwamba tuje Jumamosi jioni, wa mwisho kabisa, kwa kuwa Jumapili hafungui, na Jumatatu atasafisha kwa kusaga pumba kwanza. Tulikuja wa mwisho. Tulisaga. Vumbi la manjano lilituingia puani, kwenye nyusi, kwenye pindo za nguo. Tulikuwa tunafunga gunia wakati mwanamke mmoja alipofika mbio na debe la mahindi, hana unga nyumbani, wageni wamemjia. Tulimwambia. Mwenye kinu alimwambia. Alisema hata kama ni unga wa bluu asagiwe.

Siku ya pili, tukitoka kanisani, tulimwona yule mwanamke anakuja kwetu na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Mama akanong'ona, "Leo tutapigwa." Mwanamke akafunua. Ulikuwa ugali, wa manjano mbele ya macho yetu kama ua la alizeti.

"Wageni wamemaliza wote," alisema. "Mume wangu ameuliza kwa nini kila siku simpikii hivi. Nimekuja kuuliza mlitia nini."

Tangu hapo mwenye kinu ametenga Jumamosi jioni kwa ajili ya mama, na amejinunulia brashi maalumu.

Tulibaki na unga mwingi kuliko tulivyoweza kuula au kuwapaka maharusi. Jirani yangu alisema tuupeleke kwa mfanyabiashara mmoja wa viungo mjini Kisumu, ambaye familia yake imeuza viungo katika duka lile lile tangu enzi za babu yake. Mama alivaa gauni lake la Pasaka. Alikataa nibebe mfuko.

Yule mfanyabiashara alikuwa na adabu, na alikuwa ameshachoka. "Mama, samahani. Unga wa manjano unaoletwa hapa kila siku umechanganywa. Mahindi, rangi, sijui nini. Mimi nanunua kwa watu ninaowajua."

"Basi nijue," mama alisema.

Alicheka kidogo, akaagiza glasi ya maji. Alitia kijiko kimoja juu ya maji bila kukoroga, sote watatu tukainama tukatazama. Kama ungekuwa umetiwa rangi, maji yote yangebadilika papo hapo. Unga ulishuka taratibu, ukalala chini, na juu yake maji yakabaki na umanjano hafifu tu. Alichukua chembe akaisugua kiganjani na tone la maji. Akanusa. Kisha akaita kwa lugha ya kwao, na kutoka nyuma ya duka akaja mama yake, bibi mzee sana, mwembamba, akishikilia rafu.

Bibi alinusa. Akatia kwenye ulimi. Hakumtazama mwanawe wala mimi. Alimtazama mama.

"Nani amechemsha?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Mimi."

"Ulijuaje yameiva?"

"Kijiti cha ufagio kiliingia bila kusukumwa."

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesahihisha daftari na kukuta hesabu imetimia. "Umeyatoa wapi? Uganda?"

"Nyakach."

"Nyakach hii? Ya Katito?"

"Nyuma ya bafu langu," mama alisema, na bibi mzee akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamwambia mwanawe maneno machache na akarudi alikotoka. Mwanawe alichukua mtungi mkubwa wa kioo kutoka rafu ya mbele, ile inayoonekana kutoka mlangoni, akaujaza unga wetu. Alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nene, akakibandika.

Mama hasomi haraka. Alisimama mbele ya mtungi akizifuata herufi kwa midomo. Manjano ya Nyakach. Alizirudia. Tulipotoka nje alisimama kwenye baraza, watu wakimpita na mizigo.

"Nimeishi miaka yote hii," alisema, "na jina la Nyakach nimeliona limeandikwa kwenye magunia ya msaada tu. Mwaka wa mafuriko, mwaka wa njaa. Sijawahi kuliona limeandikwa kwenye kitu ambacho mtu anakuja kukinunua kwa hiari yake."

Kisha akafuta macho kwa pindo la gauni la Pasaka, akasema twende, kuku wake hawana mtu.

Msimu uliofuata nilimchukua jirani yangu kumpeleka kwa mama. Nilikuwa na wasiwasi. Ni wanawake wawili wanaojua kila kitu, na kila mmoja alikuwa amenilea kwa zamu yake. Walisalimiana kwa Dholuo, wakapelekana nyuma ya bafu, wakakaa huko muda ambao mtu angeweza kuchimba kaburi. Waliporudi mama alipika ngege, samaki wa ziwani, mzima na kichwa chake. Zamani alikuwa akisema samaki mzuri haombi msaada. Sasa alimpaka manjano na chumvi, akamkaanga kidogo, akamtia kwenye nyanya na maji kwa ile njia yetu ya ziwani, bila nazi, bila pilipili.

Jirani yangu alianza kula. Alimaliza upande mmoja, akamgeuza samaki. Mimi nilikuwa sili, natazama.

"Nazi ingefaa," alisema mwishowe.

"Nazi inaota wapi Nyakach?" mama akamjibu.

Jirani alifikiri, akatia mkono tena kwenye sahani. "Hata hivyo haihitajiki," alisema, na kwa wanaomjua hiyo ni sifa ambayo watu wengine hupewa wakishakufa.

Siku hizi nina chumba changu Kisian, kando ya barabara ya Busia, chenye dirisha linalotazama mlima na upepo wa ziwa unaoingia mchana. Nasuka, na napamba maharusi, wa kanisani na wa msikitini. Jirani yangu amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini akipata nguvu huja kuketi kwenye kiti cha kona na kunikosoa. Nyuma nimepanda mistari minne ya manjano, mbegu kutoka kwa mama. Hapa hakuna kikopo kisicho na jina.

Mwezi uliopita mama mmoja alimleta bintiye, siku nane kabla ya harusi. Binti alikuwa mweusi na mwenye ngozi laini ajabu, shingo ndefu, na alitazama sakafu.

"Nataka umng'arishe," mama mtu alisema. "Bwana harusi ni wa familia kubwa. Zile picha zinabaki milele."

"Nitamng'arisha, Mama. Lakini simbadilishi."

"Tofauti ni nini?"

Nilimwita karibu na dirisha. Nikamwonyesha kile kivuli chini ya jicho langu la kushoto, nikamweleza kimetoka wapi, yote, hata yule mteja na maneno yake. Binti aliacha kutazama sakafu.

Mama mtu alimtazama bintiye. Akashusha mkoba wake kutoka begani, akauweka kwenye kiti.

"Fanya unavyojua," alisema.

Nilijaribu kwanza mkononi mwa binti, tukasubiri hadi kesho yake. Halafu nikafanya kazi siku tano, msugo jioni, mafuta ya nazi baada yake, na siku mbili za mwisho sikumpaka chochote cha rangi ili ngozi itulie na njano itoke yote. Siku ya harusi nilisimama nyuma ya kanisa na mkoba wangu wa vipodozi. Alipoingia mlangoni ameshika mkono wa baba yake, mwanga wa nje ulimpiga ubavuni, na weusi wake uling'aa kama jiwe la mtoni lililotoka majini sasa hivi. Watu walipiga vigelegele. Mama yake alikuwa amekaa benchi la mbele. Aligeuka, akanitafuta kwa macho kupita vichwa vya watu wote hadi akaniona, akaweka mkono kifuani.